Kanda za Wenye Makamasi

Agosti 1985, mlangoni mwa ukumbi wa Superloft jijini Tokyo, watazamaji walipewa karatasi ya kutia saini kabla ya kuingia: atakayeumia asimdai mtu. Haukuwa utani. Kijana wa bendi moja ya Osaka, Yamatsuka Eye, aliingia akiendesha katapila lenye kijiko, akabomoa nalo ukuta na kuvunja alichokikuta. Hasara hutajwa kuwa yen 600,000. Bendi yake iliitwa Hanatarashi, neno ambalo kwetu ni mtoto mwenye makamasi. Baadaye wakaikata ile “i” ya mwisho, makamasi yakabaki.

Picha za onyesho lile zimezunguka dunia. Mimi zimenivuta kanda. Kabla ya santuri yao ya kwanza, iliyotolewa mwaka huohuo na Alchemy Records, Eye alikuwa akidabu kaseti na kuzitoa mwenyewe kwa lebo aliyoiita Condome Cassex. Majina ya baadhi ya kanda hizo gazeti la familia haliwezi kuyachapa, na hata hilo la lebo limepenya kwa bahati.

Santuri inataka kiwanda na pesa. Kaseti inataka deki mbili na subira. Waliowahi kusimama kwenye kibanda cha kurekodia, TDK tupu mkononi na orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, hawahitaji kuelezwa. TDK yenyewe ni kampuni ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1935. Kwa hiyo utepe uliotubebea taarabu na dansi ulikuwa na ndugu zake kule, wakibeba kelele.

Eye hakuwa peke yake. Masami Akita wa Tokyo, anayejiita Merzbow, aliianza kazi hiyo ya kelele mwaka 1979, akibadilishana kaseti kwa posta na wasanii wa ng'ambo. Majalada yalikuwa fotokopi za picha alizokatakata, nyingine zikitoka kwenye majarida yaliyotupwa. Mwaka 2000 kampuni ya Extreme ya Australia ilitoa sanduku la CD 50 za kazi zake, zikiwamo nyingi za enzi za kaseti. Sanduku hilo halikuwatuliza wasaka kanda.

Na hapa, kwenye kuitambua kanda ya asili, ndipo pananifurahisha. Utepe ukikaa miaka umejikunja, safu moja huambukiza sumaku yake kwa safu ya jirani. Ndiyo maana kwenye kanda kuukuu unamsikia mwimbaji kwa mbali, kama mzuka, kabla hajaanza kuimba. Kila kopi nayo inapunguza sauti nyembamba na kuongeza mvumo. Kwa taarabu hayo ni maradhi, na fundi atakwambia papo hapo kanda imeumwa wapi. Mpe kanda ya Hanatarash iliyodabiwa mara nne, mwulize kipi ni bendi na kipi ni uchakavu. Atakuna kichwa.

Basi anayetaka kanda ya asili sikio halimtoshi. Anageuza jalada, anaangalia wino wa fotokopi, mkunjo wa karatasi, mwandiko. Kuicheza anaogopa. Ndani ya kaseti kuna kile kipande kidogo laini kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake ikikauka kinadondoka, na bila kipande hicho sauti hupwaya.

Kwa miaka kadhaa baada ya katapila, kumbi nyingi ziliifungia Hanatarash milango. Bendi nyingine ya Eye, Boredoms, aliyoianzisha mwaka 1986, ilikuja kuingia mkataba na Warner, na mwaka 2007 ikakusanya wapiga ngoma 77 kando ya mto huko Brooklyn.

Utotoni, redio kaseti ikianza kunguruma tulikuwa tunakimbia kuizima kabla haijaitafuna kanda, halafu kalamu ya Bic ifanye kazi yake. Juzi nilipowasikiliza Hanatarash, ngurumo ya kwanza tu, mkono ukarukia kuzima. Nilikuwa nasikiliza kwenye simu.