Mfumo Ukiwa Chini, Ufuta wa Kisaki Unasubiri Wapi?

Bahari haionekani Kisaki, ila mnunuzi wa ufuta wa pale anapiga hesabu zake akiitazama bandari ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, inayofika Dar es Salaam, inapita hapo hapo. Kontena likilala gatini, gharama ya kulilaza hailipwi na mwenye meli. Msimu unaofuata inakatwa kimyakimya kwenye bei ya mkulima.

Bandari yenyewe inabadilika haraka. Oktoba 2023 Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) ilitia saini mkataba wa miaka 30 na DP World wa kuendesha sehemu ya bandari. Mwaka uliofuata gati namba 8 hadi 11 zikaangukia ubia wa Adani na AD Ports. Forodha nayo iko kwenye mfumo wa kompyuta wa TANCIS tangu 2014. Sina ugomvi na mitambo. Karatasi za zamani zilikuwa na mihuri mingi, na kila muhuri ulikuwa na bei yake. Lakini muulize wakala yeyote wa forodha maana ya “mfumo uko chini”, atakueleza mpaka jioni.

Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Hiyo ilikuwa ajali, lakini kuna pia mashambulizi ya makusudi. Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilivamiwa na kirusi cha NotPetya, na bandari zake kadhaa duniani zikabaki na malori getini yasiyojua yaende wapi. Karibu kompyuta zote zilizotunza orodha kuu ya mtandao wao zilifutika. Moja ilisalimika Ghana, kwa sababu tu umeme ulikuwa umekatika pale! Nakala yake ilibebwa kwa mkono, mtu kwa mtu kupitia Nigeria, hadi Uingereza. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 300.

Afrika Kusini shambulio la mtandaoni liliikuta Transnet, kampuni ya serikali inayoendesha bandari, Julai 2021. Durban na bandari nyingine zilirudi kwenye kalamu na karatasi, kazi ikasuasua kwa siku kadhaa lakini haikufa, maana walikuwepo watu wanaojua kuhesabu makontena bila skrini. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu kwa Dar es Salaam: makarani wa namna hiyo ndio wa kwanza kupunguzwa mitambo inapoingia, na hesabu za mwaka huonekana nzuri kweli.

Jenereta na njia ya pili ya intaneti hununuliwa. Mazoea ya kufanya kazi mfumo ukiwa umezimwa hayauzwi dukani. TPA, kama mwenye nyumba, iwatake wapangaji wake wazime mfumo kwa makusudi angalau mara moja kwa mwaka, wapakue meli kwa karatasi, na matokeo yatangazwe. Zoezi hilo lifanyike kabla ya msimu wa ufuta.