Asilimia ya Nini? Riba Juu ya Riba, kutoka Kompaundi hadi Duka la Dawa

Ukitaja "compound" kwenye boma lolote la Meru au Embu, kuna mtu ataenda kutafuta ufagio. Kwetu kompaundi ni uwanja wa nyumba, ule unaofagiwa asubuhi kabla ya wageni. Lakini neno hilohilo la Kiingereza liko pia kwenye mkopo, kwenye sarufi na kwa mfamasia, na hapo ufagio hausaidii. Wanaochunguza asili ya maneno wanasema kompaundi ya kufagiwa huenda ilitoka kwa Wamalei, ambao kijiji wanakiita kampong. Zile nyingine tatu zilitoka Kilatini, na maana yake ni kuweka pamoja. Uwanja basi tuuache. Tuangalie hizo tatu, maana moja kati yake inaweza kukula pesa ukiwa umelala.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo rahisi. Kiswahili huunganisha maneno mawili kikapata moja jipya: gari na moshi, bata na mzinga. Mfanyakazi akistaafu hupewa kiinuamgongo, na hakuna anayedhani ni dawa ya mgongo. Maana mpya imezaliwa, zile za zamani zimerudi nyuma. Kuna neno moja la pesa linalostahili kufunguliwa tuone ndani: rasilmali. Limetoka Kiarabu, ras ni kichwa na mal ni mali. Kichwa cha mali. Ni zile pesa za kwanza, ambazo hesabu nyingine zote zinaanzia hapo. Kishike hicho kichwa, tutakihitaji.

Sasa twende kwa mfamasia. Kuna dawa zinazokuja tayari kwenye pakiti, na kuna zile anazotengeneza mwenyewe kwa mgonjwa mmoja. Kwa mfano, tembe ya mtu mzima husagwa kwenye kinu na kugeuzwa dawa ya maji ya mtoto, pale ambapo ya watoto haipatikani. Hata wewe umewahi kuifanya nusu ya kazi hiyo nyumbani. Amoxicillin ya watoto mara nyingi huja ikiwa unga ndani ya chupa. Unaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama, unatikisa. Ukizidisha maji, kila kijiko kinakuwa na dawa kidogo kuliko mtoto anavyohitaji. Na ikishachanganywa haikai mwaka kama ule unga, ni siku 7 hadi 14 kulingana na maandishi ya chupa, kisha inatupwa.

Tunachokipenda kwa wafamasia ni kwamba asilimia yao haielei hewani. Krimu ya hydrocortisone ikiandikwa asilimia 1, maana yake ni gramu 1 ya dawa katika kila gramu 100 za krimu. Unajua ni asilimia ya nini. Kwenye mikopo, hiyo "ya nini" ndiyo watu wengi huiruka wakikimbilia kubonyeza 1.

Chukua mkulima wa chai. Awe anapeleka majani kiwanda cha Githongo kule Meru, au Mungania upande wa Embu, hesabu ni ileile. Malipo ya majani huingia kila mwezi, madogo, halafu bonasi huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kuelekea Oktoba. Lakini karo haingoji Oktoba. Tuseme Januari anakopa shilingi 5,000 kwa asilimia 8 kwa mwezi (ni mfano wetu tu, si bei ya mkopeshaji yeyote), akijiambia atalipa yote bonasi ikiingia.

Kama asilimia 8 ni ya zile 5,000 za mwanzo, kila mwezi inaongezeka 400. Miezi tisa ni 3,600. Oktoba analipa 8,600. Inauma, lakini inahesabika kwa vidole.

Kama asilimia 8 ni ya deni lilivyo leo, mambo yanabadilika polepole na bila kelele. Mwezi wa kwanza deni ni 5,400. Wa pili, 5,832, kwa sababu zile 400 nazo zimetozwa riba. Wa tatu, 6,299. Riba imehamia kwenye kichwa cha mali, na kichwa kinazidi kuwa kikubwa. Hiyo ndiyo riba juu ya riba, au riba mlimbikizo. Oktoba ikifika deni ni 9,995. Kasoro bob tano, limekuwa mara mbili.

Kuna njia ya haraka ya kuliona hilo bila kikokotoo. Gawanya 72 kwa asilimia unayotozwa: 72 kwa 8 ni 9, yaani miezi tisa deni linajirudia. Si sahihi kabisa, lakini inakaribia vya kutosha kwa mtu aliyesimama kwenye foleni ya duka la wakala.

Na hapa kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti. Akiba hutajwa kwa mwaka, mkopo wa simu hutajwa kwa mwezi au kwa siku 30. Akiba ya asilimia 6 na mkopo wa asilimia 8 zinasikika kama majirani. Sivyo. Akiba hiyo, ikiachwa ikue juu ya faida yake, itachukua miaka 12 kujirudia. Mkopo ule ulichukua msimu mmoja wa chai. Ukiambiwa asilimia, uliza maswali mawili: ya nini, na kila baada ya muda gani?

Sheria imeweka kikomo fulani. Tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia benki kudai riba inayozidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipiki. Wakopeshaji wa kidijitali nao wamewekwa chini ya leseni ya Benki Kuu ya Kenya kwa kanuni za 2022, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Iangalie kabla ya kupakua programu usiyoijua. Lakini usitegemee sheria ikuokoe mapema: kikomo cha benki huanza kuhesabiwa mkopo ukishaharibika, na kufikia hapo umeshalipa mengi.

Anayeuza miraa kule Maua hupata pesa mara nyingi kwa wiki, kwa hiyo anaweza kukopa Jumatatu na kulipa kabla riba haijapata mtoto. Mkulima wa chai ana njia nyingine. Akitoa 400 kutoka kwenye malipo ya majani kila mwezi, kichwa kinabaki 5,000 palepale, hata kama mkopo ni wa riba mlimbikizo. Oktoba atakuwa ametoa 8,600 kwa jumla badala ya 9,995. Akitoa 600, kichwa kinaanza kupungua. Kabla ya hapo aulize kama mkopeshaji anapokea malipo ya kidogokidogo na kama anayatoa kwenye deni siku hiyohiyo, maana wapo wanaosubiri tarehe ya mwisho.

Mgumu zaidi ni wa kahawa. Kule Runyenjes na Manyatta pesa za mbuni huja baada ya msimu, na katikati hakuna malipo ya mwezi ya kupunguzia deni. Kwake tungependekeza aanze kwa Sacco kabla ya simu. Nyingi huhesabu riba kwa salio linalopungua, mara nyingi kama asilimia 1 kwa mwezi, na unaweza kuomba ratiba ya malipo ifuate mavuno. Mkopo wa simu aubakishe kwa dharura ya siku chache, na tarehe ya kulipa aiandike kwenye kalenda ya ukutani, pale anapoandika siku ya kunyunyiza dawa.