Shamba la Jamaa ya Johnson

Sisi batumikaji wa mine tunajua: karatasi ikipotea, haki nayo inapotea. Muangalie jamaa ya Johnson kule Marekani. Antonio alifikishwa Virginia mwaka 1621, akatumikishwa kwa shamba la tumbako. Bibi yake Mary alifika 1622. Walipata uhuru, wakazaa batoto wane, na mwaka 1651 wakapewa eka 250. Kiisha wakahamia Maryland. Antonio alipokufa, 1670, wazee wa tribinali ya Virginia wakasema: alikuwa mtu mweusi, basi mgeni, udongo aliouacha kule urudi kwa serikali. Lakini 1677 mjukuu wao John alinunua eka 44 Maryland, akaziita Angola, inchi jirani yetu. Bandugu, tuandike majina ya bankambo yetu, na karatasi zao tuzichunge.