Saa Nane Zilizobaki Ni Zetu



Kila Mei Mosi tunabeba mabango na kukumbushana habari za wenzetu wa Chicago, waliogoma mwaka 1886 wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Hilo tunalijua sote. Lakini wengi wetu tumesahau kwamba dai lile tangu mwanzo lilikuwa na mafungu matatu. Mwaka 1817 Robert Owen wa Uingereza aliigawa siku ya mfanyakazi hivi: saa nane za kazi, saa nane za usingizi, na saa nane za mtu mwenyewe. Waashi wa Melbourne huko Australia waliipata siku ya namna hiyo mwaka 1856. Na Shirika la Kazi Duniani lilipoundwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa nane viwandani.

Sasa tujiulize. Saa nane za kazi, mwajiri anazihesabu. Za usingizi, mwili unazidai wenyewe. Hizi nane zilizobaki anazila nani?

Zinaliwa na ovataimu. Zinaliwa na mwendo wa miguu kutoka kiwandani hadi nyumbani, na foleni ya maji kambini. Kwa akina mama ndiyo kabisa: mchuma chai akitua kapu lake jioni, anaanza zamu ya pili ya jiko na watoto, zamu isiyo na mshahara wala nyapara. Na kile kidogo kinachosalia, wengi wetu tunakipeleka kwenye pombe.

Katika toleo hili tunataka kusema jambo moja: saa hizo ni haki yetu kama mshahara ulivyo, na moja ya matumizi yake mazuri ni kutunga, kuchora na kuigiza. Tunajua kuna atakayecheka, "Je, shairi litaniongezea posho?" Tutamjibu kwa mifano mitatu ya watu wa kazi kama yeye.

DEREVA WA DURBAN

Katika mji wa Durban, Afrika Kusini, alikuwako ndugu mmoja aliyeitwa Alfred Temba Qabula. Alizaliwa mwaka 1942. Kazi yake katika kiwanda cha matairi cha Dunlop ilikuwa kuendesha foklifti, lile gari la kuinulia na kupangia mizigo. Wakati huo wa ubaguzi wa rangi mtu mweusi hakuwa na kura. Saa zake za kupumzika zilikuwa chache, basi Qabula akawa anatunga hapo hapo juu ya gari lake, maneno yakiwa kichwani na mikono ikiwa kwenye usukani.

Kwa Wazulu na jirani zao kuna desturi ya zamani ya mashairi ya sifa yanayoitwa izibongo, aliyokuwa akitungiwa mfalme. Qabula aliichukua desturi hiyo ya ikulu akaipeleka kwenye mkutano wa wafanyakazi. Mwaka 1984 alisimama akaghani izibongo, na aliyesifiwa hakuwa mfalme. Ulikuwa ni muungano wa vyama vya wafanyakazi, FOSATU. Baada yake wakatokea wengine, mmoja wao Mi Hlatshwayo, naye dereva. Mashairi yao pamoja na ya dada Nise Malange yalitolewa kitabuni mwaka 1986.

Viongozi wa matawi walizingatie hili. Kwa desturi ile, mtunga sifa ana ruhusa ya kusifu na pia ya kukemea. Humwambia mfalme mbele ya watu yale ambayo wengine wananong'ona. Tawi linalotaka mshairi wa kulisifu tu halitaki mshairi, linataka kasuku.

PICHA ZA LUBUMBASHI

Tuje kwa jirani zetu wa Kongo. Mji wa Lubumbashi ulikua kwa ajili ya shaba, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya wafanyakazi waliotoka makabila mengi. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mji huo, ambao wengi hawakupita chuo chochote cha sanaa, walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga wakawauzia watu wa kawaida. Picha hizo zilitundikwa sebuleni. Nyingine zilikuwa za nguva. Nyingine zilionyesha mfungwa akichapwa viboko zama za Wabelgiji. Nyingine zilikuwa za Patrice Lumumba. Watu wa huko walikuwa na neno lao kwa picha za namna hiyo: ukumbusho.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliona picha moja moja hazitoshi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake nzima katika picha zipatazo mia moja, akizieleza kwa Kiswahili kwa mtafiti aitwaye Johannes Fabian. Ndani yake yamo mauaji ya wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière. Hao waligoma mwaka 1941 wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 Desemba askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira. Makumi ya watu walikufa.

Mtoto wa mchimba shaba angelisoma wapi habari hiyo, katika shule ambazo vitabu vyake viliandikwa na Wabelgiji? Tshibumba aliichora, hata asiyejua kusoma akaiona. Yeye mwenyewe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakujulikana tena alipo, lakini picha zake zimehifadhiwa.

JUKWAA LA KAMIRIITHU

Mfano wa tatu uko Kenya, katika kijiji cha Kamiriithu karibu na Limuru. Wakazi wake walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai, na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Walianza na darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Mwaka 1977, pamoja na waandishi Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, wakatengeneza mchezo kwa Kikikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambao baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda. Ni habari ya maskini mmoja anayepoteza kishamba chake kwa tajiri.

Mazoezi yalifanywa mahali pa wazi. Mpita njia alisimama, akasikiliza, akasahihisha: mzee hasemi hivyo, kiwandani hatufanyi hivyo. Jukwaa walilijenga wenyewe baada ya kupanga mfano wake kwa njiti za kiberiti, likawa na nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, na watu wakamiminika.

Haukumaliza wiki saba. Tarehe 16 Novemba serikali iliondoa kibali. Mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini bila mashtaka hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 wanakijiji walipojaribu mchezo mwingine walizuiwa, na mwezi Machi askari walikuja wakalibomoa jukwaa lao. Nasi hapa Uganda tuna kidonda chetu: Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji wa michezo, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin.

Basi ndugu anayesema sanaa ni mchezo wa watoto atueleze: kwa nini wenye nguvu waliogopa mbao na mabati ya kijiji? Waliona mchuma chai na mshona viatu wakisimama mbele ya wenzao na kueleza maisha yao kwa mdomo wao wenyewe. Mtu aliyezoea kufanya hivyo jukwaani hatetemeki akiitwa ofisini kwa meneja.

TUFANYE NINI MATAWINI

Kwanza, tuzidai saa zetu. Tunapokaa mezani kwa mkataba wa pamoja, tuulize pia habari ya ovataimu ya lazima, na ukumbi wa kukutania baada ya kazi. Na waume wa nyumbani washike sufuria siku ya mazoezi, la sivyo jukwaa litakuwa la wanaume peke yao.

Pili, tuanze na tunayoyajua. Mwaka 1980 karibu na Johannesburg, wafanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia vyuma walishtakiwa kwa kugoma. Wakili wao aliona maelezo yanamchanganya, akawaomba waigize yaliyotokea siku ile. Wakaigiza, naye akaelewa. Igizo hilo likakua likawa mchezo kamili uliooneshwa kwa wafanyakazi wengine. Tawi lolote laweza kuanza hivyo: tuigize ajali ya mwezi uliopita, nani alikuwa wapi, mashine ilikosa kinga gani, nyapara alisema nini. Mtajifunza mengi kuliko katika kusomewa taarifa.

Tatu, tusingoje shule. Qabula hakungoja, wala wachoraji wa Lubumbashi. Ukijua wimbo wa kupalilia miwa, una ushairi. Ukiwa na mkaa na ubao wa boksi, una picha. Tumia lugha unayoiotea ndoto.

Nne, viongozi wavumilie. Shairi likimkosoa katibu, lisomwe lote, na katibu ajibu baadaye kwa vitendo.

Hatuwadanganyi kwamba sanaa itawajaza matumbo. Nyongeza ya mshahara itatokana na umoja wetu na kudai kwetu. Lakini mtu aliyechoka, asiye na la kwake ila kadi ya zamu, ni vigumu kumwunganisha na mwenzake. Mwenye wimbo ana cha kumpa mwenzake, na hapo ndipo chama huanzia.

Jumapili inayofuata malipo, kila tawi likutane hata kwa saa mbili, chini ya mti kama ukumbi hakuna. Mtakachokitunga au kukichora tuleteeni kupitia mwakilishi wenu wa kazini. Tutakichapa katika kurasa hizi, na lugha yenu tutaiacha kama ilivyo.

Umoja ni nguvu.