Je, Wajua? Difu ya Nyuma na Lori Linalokwama kwa Gurudumu Moja

Luofu iko kusini mwa teritwari ya Lubero, katika Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, jirani na Kayna na Kanyabayonga, katika vilima vinavyolitazama Bonde la Ufa kutoka upande wa magharibi, na njia za udongo ndizo zinazoyaunganisha mashamba ya sehemu hizo na masoko ya Butembo na Beni. Kwa kuwa eneo hilo liko karibu sana na ikweta, na mvua zake huja kwa misimu miwili katika mwaka, udongo wa njia hizo haupati muda mrefu wa kukauka. Lori lililosheheni viazi au maharage linapokwama humo, mtu anayelitazama kwa makini huona jambo linalostahili kufikiriwa: gurudumu moja la nyuma huzunguka kwa kasi na kurusha tope, ilhali la upande wa pili, ambalo mara nyingi limekanyaga udongo mgumu, halisogei hata kidogo. Injini ni nzima, matairi huenda ni mapya, na dereva hana kosa. Kinachoonekana hapo ni difu ikifanya kazi ileile iliyoundwa kuifanya.

Difu ni mkusanyiko wa gia uliomo katikati ya ekseli ya nyuma, ndani ya lile kasha la mviringo linaloonekana chini ya gari, ambalo pamoja na ekseli yenyewe huitwa ponti na mafundi waliopokea msamiati wao kutoka katika Kifaransa. Mhimili mrefu utokao kwenye gia boksi, yaani kardani au propela, huingia katika kasha hilo na kuzungusha gia ndogo iitwayo pinioni, nayo pinioni huzungusha gia kubwa ya duara iitwayo krauni, ambayo hugeuza mwelekeo wa mzunguko ili uelekee kwenye magurudumu. Krauni haikushikamana moja kwa moja na magurudumu, bali hubeba gia nyingine ndogo zinazoweza kujizungusha zenyewe, na gia hizo ndogo ndizo zinazoshika gia mbili za pembeni, kila moja ikiwa na mhimili wake uendao kwenye gurudumu lake, ambao mafundi wengi huuita hafu-shafti. Gari likienda moja kwa moja, gia ndogo hutulia na kila kitu huzunguka pamoja. Gari likipinda kona, gia ndogo huanza kujizungusha na kuruhusu gurudumu moja liende mbio kuliko jingine.

Haja ya kifaa hiki hutokana na hesabu ya kona. Chukudu, kile chombo cha mbao kinachobeba mizigo katika miji na vijiji vya Kivu ya Kaskazini, hakihitaji difu, kwa sababu magurudumu yake mawili hufuatana katika mstari mmoja na hakuna injini inayoyasukuma. Lori, kinyume chake, lina magurudumu ya kushoto na ya kulia yanayosukumwa kwa pamoja, na likigeuka nusu duara katika kona kali kama zile za mteremko wa Kabasha, kati ya Kanyabayonga na uwanda wa Rwindi, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Ikiwa magurudumu hayo yametengana kwa mita 1.8, tofauti hiyo hukaribia mita 5.7, na haibadiliki hata kona ikiwa pana au nyembamba. Kama magurudumu yangefungwa kwenye mhimili mmoja usiogawanyika, basi katika kila kona tairi moja lingelazimika kuburuzwa, matairi yangeisha mapema, na mihimili ingepindwa kwa nguvu isiyo na manufaa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, alilitatua tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1820 alipopata hataza ya difu kwa ajili ya gari la mvuke, na msingi wa kazi yake bado umo katika malori ya leo.

Utatuzi huo ulikuja na sharti lake. Difu ya kawaida, ambayo hapa itaitwa difu huru, hugawa nguvu ya kuzungusha kwa usawa: kiasi kinachopewa gurudumu la kushoto ndicho kinachopewa la kulia. Usawa huo ni jambo jema barabarani, lakini topeni huwa ndio chanzo cha balaa, kwa kuwa gurudumu lililo kwenye utelezi haliwezi kupokea nguvu zaidi ya ile ambayo ardhi iliyo chini yake inaweza kuihimili, na mwenzake, hata akiwa amekanyaga mwamba, hupewa kiasi kilekile kidogo. Kwa maneno mengine, difu huru humfanya mwenye nguvu aishi kwa kipimo cha mnyonge.

Hesabu ya mfano huonyesha uzito wa jambo hili. Lichukuliwe lori lenye uzito wa kilo 9,000 pamoja na mzigo, ambalo ekseli yake ya nyuma hubeba kilo 6,000, yaani kilo 3,000 kila upande. Upande mmoja uko kwenye tope ambalo mshiko wake, yaani uwezo wa ardhi kulizuia tairi lisiteleze, ni sehemu moja ya kumi ya uzito unaoikandamiza. Upande wa pili uko kwenye udongo mkavu wenye mshiko wa sehemu sita za kumi. Gurudumu la topeni linaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 300, na la udongo mkavu linaweza kusukuma kwa kilo 1,800. Ikiwa njia inapanda mita 10 kwa kila mita 100, na tope linayazuia magurudumu kwa kiasi cha nusu ya mpando huo, lori linahitaji msukumo wa kilo 1,350 hivi ili lisogee. Difu huru, kwa kugawa sawa, hutoa 300 kwa kila upande, yaani 600 tu, na lori hubaki pale pale. Magurudumu yakifungwa pamoja, kila moja hutoa kadiri ardhi yake inavyoruhusu, jumla huwa 2,100, na lori hupanda. Mzigo ni uleule na injini ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kugawa.

Aina za difu zinazouzwa ili kuongeza mshiko zinaweza kupimwa zote kwa mizani ya mfano huo. Ya kwanza ni difu yenye sahani za msuguano, ambazo hubanana na kuzuia gurudumu moja lisiliache jingine kwa mbali. Aina hii ilipata sifa katika mashindano ya magari, pale Ferdinand Porsche, aliyebuni gari la Auto Union ambalo tairi lake moja la nyuma lilikuwa likiteleza kwa wingi wa nguvu, alipoiomba kampuni ya ZF ya Ujerumani mwaka 1935 imtengenezee difu ya kulidhibiti. Ikichukuliwa kwamba difu ya namna hiyo inaweza kulipa gurudumu lenye mshiko nguvu mara mbili na nusu ya ile ya mwenzake, basi katika mfano wetu itatoa 300 na 750, jumla 1,050, ambazo ni bora kuliko 600 lakini hazitoshi kulitoa lori. Zaidi ya hayo, sahani hulika kadiri zinavyotumika, na huhitaji oili yenye kiambato maalumu, kitu ambacho hakipatikani kwa urahisi katika kila duka la vipuri.

Ya pili hutumia gia za mzunguko wa parafujo badala ya sahani, na jina lake mashuhuri ni Torsen, inayotokana na hataza aliyoipata Mmarekani Vernon Gleasman mwaka 1958. Difu hii hufanya kazi kwa ulaini, hailiki upesi, na hufaa sana kwa magari madogo yanayokimbia kwenye njia zenye utelezi wa wastani. Hata hivyo, nayo hufanya kazi kwa kuzidisha: ikizidisha mara tatu, mfano wetu hupata 300 na 900, jumla 1,200, na bado lori halijatoka. Gurudumu likininginia hewani kabisa, kama inavyotokea penye mifereji mirefu iliyochimbwa na matairi ya malori yaliyotangulia, udhaifu wake huonekana wazi zaidi, kwa kuwa sifuri ikizidishwa kwa tatu hubaki sifuri. Dereva anayeijua siri hiyo hukanyaga breki kidogo huku akiongeza mafuta, ili gurudumu linaloelea lipate kizuizi ambacho difu inaweza kukizidisha.

Ya tatu ni kufuli la kujiendesha, ambalo huyafunga magurudumu pamoja wakati wote wa kusukuma na kuliachia lile la nje linapohitaji kukimbia katika kona. Kufuli hili lina nguvu na halihitaji swichi wala waya, lakini hufunga na kufungua kwa kishindo, na dereva hana amri juu yake. Ya nne ni kufuli la hiari, ambalo hubaki difu huru mpaka dereva abonyeze swichi, ndipo hewa iliyoshindiliwa, umeme au waya wa kuvuta husukuma kipande cha chuma kinachozikaza gia ndogo zisijizungushe. Kufuli la hewa la kampuni ya ARB ya Australia ni mfano unaojulikana, na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, zimekuwa zikipatikana zikiwa na kufuli la umeme kutoka kiwandani. Ya tano, ambayo haifai kuitwa maboresho, ni kuzichomelea gia ndogo zisizunguke milele. Gharama yake ni ndogo siku ya kwanza, lakini hulipwa baadaye kwa matairi, kwa hafu-shafti zilizokatika na kwa usukani unaokataa kona.

Kati ya hizo, njia za Luofu zenyewe ndizo zinazoelekeza chaguo. Lori linalotoka huko asubuhi kwenye tope la mlimani huendelea hadi Butembo, na pengine Beni na mpaka wa Kasindi, katika ushoroba ambao Kongo na Uganda zilikubaliana mwaka 2021 kuujenga, kilomita 80 kati ya Kasindi na Beni na kilomita 54 kati ya Beni na Butembo. Safari moja, basi, ina ardhi za namna mbili: mahali ambapo magurudumu yanapaswa kufungwa pamoja, na mahali pagumu ambapo kuyafunga ni kuyaharibu. Difu iliyofungwa daima haifai kwa nusu ya safari hiyo, na difu huru haifai kwa nusu nyingine. Kwa lori la mizigo la nchi kama hii, kufuli la hiari ndilo chaguo lenye hoja nzito zaidi, kwa sababu huuweka usawa wa difu mikononi mwa dereva, ili auondoe kwa mita hamsini za tope na kuurudisha mara anapokanyaga udongo imara.

Hata hivyo, kufuli hudai maarifa. Katika mfano uliotangulia, magurudumu yalipofungwa, hafu-shafti moja ilibeba sehemu sita kati ya saba za msukumo wote, ilhali katika difu huru isingebeba zaidi ya nusu; ndiyo maana mwenye lori anayefunga kufuli bila kuchunguza uimara wa mihimili yake huhamisha tu mahali pa kukwama, kutoka topeni hadi kwenye chuma kilichokatika. Jambo la hatari zaidi ni njia iliyolalia upande wa korongo. Difu huru inapoteleza, gurudumu lililosimama huishikilia sehemu ya nyuma ya lori isiporomoke kando. Magurudumu yote mawili yakizunguka kwa pamoja juu ya utelezi, mshiko huo wa kando hupotea, na lori linaweza kuteremka kuelekea bondeni. Kufuli hufungwa kabla ya kuingia topeni, gari likiwa limesimama au likitambaa, usukani ukiwa umenyooka, na kamwe halifungwi wakati gurudumu linazunguka kwa kasi, kwa kuwa pigo la kukutana kwa vyuma hivyo huweza kuvunja meno yake.

Kabla ya kununua chochote, lipo swali linaloweza kuokoa fedha nyingi: je, lori tayari lina kufuli? Malori mengi mazito huja nalo kutoka kiwandani, na yale yenye ekseli mbili za nyuma huwa pia na difu ya tatu, inayozigawia nguvu ekseli hizo, yenye kufuli lake ambalo ndilo linalotangulia kufungwa. Mara nyingine kinachokosekana ni bomba la hewa lisilovuja au swichi iliyo nzima. Vilevile, uwiano wa meno ya krauni na pinioni usichanganywe na mshiko. Krauni ya meno 37 kwa pinioni ya meno 9 hutoa uwiano wa 4.11, na uwiano mkubwa zaidi ya huo huongeza nguvu ya kupanda milima kwa kupunguza mwendo, na katika gari linalosukumwa na ekseli ya mbele na ya nyuma ni lazima ubadilishwe kwenye difu zote mbili. Lakini kuliongezea nguvu gurudumu linaloteleza ni kuongeza tope linalorushwa. Matairi yenye meno marefu na minyororo ya magurudumu hugusa chanzo chenyewe cha mshiko, na huanza kusaidia kabla difu haijafunguliwa kwa spana.

Liko pia tundu dogo la kupumulia lililo juu ya kasha la difu, ambalo wengi hulisahau. Difu iliyopata moto wa safari ikizamishwa ghafla katika maji ya mto, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia tundu hilo au kwenye sili zilizochakaa, kisha oili hugeuka rangi kama maziwa na kupoteza uwezo wa kuyalinda meno ya gia. Mpira mwembamba unaolipandisha tundu hilo hadi juu ya fremu ya lori ni kifaa cha bei ndogo mno, na huilinda difu ya bei kubwa.

Katika nchi ambako lori lililolala njiani huwaacha watu na mali yao usiku mahali pasipo na usalama, na ambako viazi huoza huku mnunuzi akivingoja Butembo, uchaguzi wa difu si suala la fahari ya wenye magari. Ni uamuzi unaomgusa mkulima ambaye hajawahi kuiona krauni, na ambaye mavuno yake hufika sokoni au hayafiki kutegemea kile ambacho gia chache zilizofichwa kwenye oili zimeagizwa kuligawia gurudumu lililokanyaga ardhi ngumu.