Msiutafute Ubeti Ndani ya Mchoro

Kila ninapofundisha kuhusu mchoraji Eugène Delacroix, swali ni lilelile: "Mwalimu, hapa amechora ubeti upi?" Nikijibu kwamba hakuna, watu hudhani sijausoma utenzi ulio chimbuko la mchoro.

Chukueni mchoro wake wa mwaka 1826, pambano la Giaour na Hassan, uliopo Art Institute of Chicago. Chimbuko lake ni The Giaour, utenzi wa mshairi Byron wa mwaka 1813. Leila, suria wa Hassan, anatoswa baharini kwa kumpenda mwanamume mwingine, Giaour. Naye mwanamume huyo anamvizia Hassan njiani mlimani na kumuua. Wengi huamini kwamba mchoraji alifungua kitabu, akachagua beti, akazinakili kwa rangi, na kwamba kazi ya mtazamaji ni kukagua kama amenakili sawasawa.

Hapana! Usomeni huo utenzi. Byron anawakutanisha mahasimu uso kwa uso, kisha anageukia mto unaogongana na bahari, na chuki inayokumbatia kwa nguvu kuliko mapenzi. Akirudi mlimani, Hassan ameshaanguka. Pigo lililomuua halisimuliwi. Delacroix alichora kile ambacho mshairi alikiruka: farasi wamevaana, silaha ziko juu, mshindi hajulikani. Sasa mtakagua kwa ubeti upi?

Wala msiseme basi aliyaona kwa macho mazingira ya kisa, yaani Ugiriki. Aliyesafiri Ugiriki ni Byron. Delacroix alifika Morocco na Algeria mwaka 1832, miaka sita baada ya mchoro huu. Alikuwa Paris, moyo wake uko kwa Wagiriki waliokuwa wakipigana kujitoa chini ya Waturuki. Mchoro ulionyeshwa katika maonyesho ya kuwachangia. Byron mwenyewe alifia hukohuko Ugiriki, Missolonghi, Aprili 1824. Mwezi uliofuata Delacroix alijikumbusha katika shajara yake arudie vifungu vya mshairi huyo ili viwashe fikra zake. Viwashe fikra, si vimpe cha kunakili.

Basi tazameni kwanza, maelezo ya ukutani baadaye. Fuateni mikono iliyoinuliwa, kisha farasi, kisha mavazi yanavyopepea. Muhtasari wa kisa unatosha. Utenzi someni mkirudi nyumbani. Asiyeweza kufika Chicago ataikuta picha kwenye tovuti ya jumba hilo. Kisha linganisheni na pambano hilohilo alilolichora upya mwaka 1835, lililopo Petit Palais, Paris, muone alivyobadilisha bila Byron kuongeza hata neno.