Jino lililotibiwa mzizi linapovimba tena: ufanye nini?

Ulikwenda kliniki ya meno, ukachomwa sindano ya ganzi, jino likasafishwa ndani na kuzibwa. Maumivu yakaisha, ukarudi kwenye shughuli zako. Miezi michache baadaye unaamka asubuhi shavu limevimba na jino lilelile linapwita. Au huna maumivu kabisa, ila kuna kipele kwenye ufizi kinachopasuka, kinatoa usaha, kinafunga, kisha kinarudi tena.

Akina mama wengi hufika hapo wakakata tamaa. Mmoja husema bora ling'olewe tu, mwingine hununua vidonge dukani kila linapovimba. Kabla ya kuamua, ni vizuri kujua jipu hili limetoka wapi na lina tiba gani.

Kwa nini usaha unarudi?

Katikati ya jino kuna chumba chenye neva na mishipa midogo ya damu. Kutoka hapo mifereji myembamba sana hushuka hadi ncha ya mzizi. Jino likioza hadi kufika ndani, neva hufa na bakteria huzaliana humo. Wakifika kwenye ncha ya mzizi, mwili hupigana nao, na usaha hukusanyika kwenye mfupa wa taya. Katika matibabu ya mzizi, daktari huondoa uchafu huo, husafisha mifereji na kuijaza ili bakteria wasirudi.

Maumivu kidogo ya siku chache baada ya matibabu ni ya kawaida. Uvimbe au usaha unaorudi baadaye si wa kawaida. Sababu kubwa ni hizi:

- Kuna mfereji uliobaki. Gego kubwa la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi lina mifereji minne, na wa nne ni mwembamba na rahisi kupitwa.
- Dawa ya kuzibia ya muda haikubadilishwa. Hii huwekwa kwa wiki chache tu, kati ya hudhurio moja na jingine. Ikikaa miezi inalika, na mate huingiza bakteria upya.
- Jino limepasuka. Jino lililotobolewa na kutibiwa ndani huwa dhaifu. Kutafuna mifupa au kufungua soda kwa meno kunaweza kulipasua hadi kwenye mzizi.
- Limeoza upya pembeni mwa pale lilipozibwa.
- Tatizo ni la jino la jirani au la fizi, na si la jino uliloshuku.

Sababu ya pili inawagusa sana watu wa kwetu. Anayetoka Kaliua, Sikonge au vijiji vya Uyui huacha watoto na shamba, hulipa nauli, hufika Tabora mjini, maumivu yanaisha siku hiyohiyo. Hudhurio la pili linaonekana halina haja. Lakini jino lisilouma si jino lililokwisha kutibiwa.

Vidonge vya dukani havitoshi

Amoksilini na flajili husafiri kwenye damu. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu, kwa hiyo dawa haiwafikii bakteria waliojificha humo. Uvimbe hupungua, unafurahi, kisha unarudi. Ukirudia hivyo mara kwa mara, bakteria huzoea dawa, na siku utakayoihitaji kweli haitafanya kazi vizuri.

Daktari huandika dawa hizi pale maambukizi yanapoanza kusambaa, kwa mfano kukiwa na homa au uvimbe unaokua, au mgonjwa akiwa na kinga dhaifu. Hata hapo ni za kusaidia tu, kwani chanzo lazima kishughulikiwe.

Njia za matibabu

Daktari atalikagua jino, atapima ufizi na kupiga picha ya eksirei. Kisha kuna njia hizi:

1. Kutoa usaha. Hufanywa kwa kufungua jino au kukata ufizi kidogo chini ya ganzi. Nafuu huja haraka, lakini huu ni mwanzo tu wa tiba. Usijitoboe kwa sindano au wembe nyumbani.

2. Kurudia matibabu ya mzizi. Dawa ya zamani hutolewa, mifereji husafishwa upya, iliyobaki hutafutwa, kisha jino huzibwa vizuri. Mara nyingi hii ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa kama jino bado lina nguvu. Huhitaji mahudhurio zaidi ya moja. Gego lililotibiwa hivi linafaa kuvikwa kofia ya kulilinda lisipasuke.

3. Upasuaji mdogo kwenye ncha ya mzizi. Ufizi hufunguliwa, ncha yenye ugonjwa hukatwa, na mwisho wa mzizi huzibwa. Hufaa pale kurudia kwa juu kunaposhindikana. Huhitaji mtaalamu, na huenda ukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam.

4. Kung'oa jino. Mzizi ukiwa umepasuka kwa urefu, au jino limeliwa mno, kung'oa ndiyo tiba sahihi. Pia ni chaguo la haki kama mahudhurio na gharama za kurudia viko nje ya uwezo wako. Kidonda hupona na chanzo cha usaha huondoka. Baadaye pengo linaweza kujazwa kwa jino la bandia ili meno ya jirani yasiegemee.

Ukiwa Tabora, anzia kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya yako au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Beba picha na karatasi za matibabu ya kwanza kama unazo. Uliza maswali haya: Jino hili linaweza kuokolewa? Nitakuja mara ngapi? Gharama yote pamoja na kofia ni kiasi gani? Bima yangu inalipia nini? Nisipofanya kitu, itakuwaje? Ukijua idadi ya safari mapema, unaweza kupanga nauli na mtu wa kukaa na watoto.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha

Usisubiri kujifungua. Jipu linaweza kutibiwa wakati wowote wa ujauzito, ingawa mwezi wa nne hadi wa sita huwa rahisi zaidi kukaa kwenye kiti. Ganzi ya kawaida ya meno inatumika, na picha ya jino inaweza kupigwa ukiwa umekingwa. Mwambie daktari mapema kuwa ni mjamzito au unanyonyesha. Kwa maumivu, parasetamo ndiyo ya kwanza. Usinywe diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri, na epuka tetrasaiklini na doksisaiklini, kwani zinaweza kubadili rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni.

Kama ni jino la mtoto

Jino la utoto likitunga usaha tena baada ya kutibiwa, mara nyingi hung'olewa, kwa sababu maambukizi yanaweza kuharibu jino la ukubwani linaloota chini yake. Lakini angalia vizuri: gego la kwanza la ukubwani huota akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi huliona kama la utoto na kuliacha lioze. Hilo likitoka, halioti jingine, kwa hiyo muulize daktari kama linaweza kuokolewa. Usimpe mtoto aspirini.

Unapojiandaa kwenda kliniki

Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe. Endelea kupiga mswaki taratibu. Lala ukiinua kichwa kidogo. Usiweke tumbaku, mafuta ya taa, maji ya betri wala aspirini kwenye jino, kwani vinaunguza ufizi. Kama una kisukari, pima sukari, maana ikiwa juu jipu huchelewa kupona.

Dalili za hatari: nenda hospitali sasa hivi

- Uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni, au unapanda kuelekea jichoni.
- Mdomo haufunguki vizuri, au ulimi umeinuka.
- Kumeza ni shida, mate yanachuruzika, au sauti imebadilika.
- Kupumua kunakuwa kugumu.
- Kuna homa kali, kutetemeka au kuchanganyikiwa.
- Mtoto mwenye uvimbe amelegea au hataki kunywa.

Usingoje asubuhi, na usingoje basi la kesho. Uvimbe wa jino ukifika shingoni unaweza kuziba njia ya hewa kwa muda mfupi. Nenda kituo chochote cha afya kilicho karibu, hata kama hakina daktari wa meno, ili uanzishiwe matibabu na kupelekwa mbele.

Kama bado huna dalili hizo, una muda wa kupanga, lakini si wa kusahau. Kipele kinachotoa usaha bila maumivu nacho ni ugonjwa unaoendelea kula mfupa kimyakimya. Panga siku ya kwenda wiki hii, na ukianza matibabu, yamalize hadi hudhurio la mwisho.